Barua ya wazi kuhusu ripoti za uthamini zisizofunguka

Kwa Mthamini Mkuu wa Serikali katika Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji, kwa Bodi ya Usajili wa Wapima, kwa Benki Kuu ya Uganda, na kwa wakuu wa benki zote zinazopokea ripoti zetu.

Waheshimiwa, salamu kutoka Arua.

Mimi ni karani wa ripoti katika ofisi ndogo ya uthamini wa ardhi na majengo. Mthamini wetu ndiye anayekwenda kwenye kiwanja, anayepima kuta, anayeulizia bei kwa majirani, na anayeweka sahihi yake chini ya thamani. Akirudi jioni hunikabidhi daftari, simu yenye picha na nakala ya hati, nami huvigeuza kuwa ripoti na kuifikisha benki. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tunachoongea ofisini kutwa, Mlugbara na Mnubi na Mkakwa pamoja na wateja wanaovuka kutoka Kongo, na Katiba yetu inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005.

Ninalolileta kwenu ni jambo ambalo kwa mtu aliye mbali nalo ni dogo sana: aina ya faili. Kila benki tunayoifanyia kazi inataka ripoti kwa namna yake. Moja inataka PDF iliyoskaniwa, nyingine inataka Word, ya tatu inataka vyote viwili pamoja na jedwali la Excel, na ya nne inataka bahasha ya karatasi baada ya kupokea faili. Gharama ya mvutano huu hailipwi na benki wala na mthamini. Inalipwa na mwenye kuomba mkopo.

Kuna mama mmoja mwenye maduka matatu kwenye kiwanja cha mjini, na nyuma ya maduka ana mashine ya kusaga mihogo. Alitaka mkopo anunue mashine ya pili, ambayo muuzaji wake alikubali kumwekea hadi mwisho wa mwezi. Tawi la benki la hapa lilikwisha mkubali. Kilichobaki ni ripoti yetu ifike makao makuu Kampala. Ada ya uthamini alikuwa ameshailipa. Niliituma Jumanne asubuhi. Ijumaa akaja mwenyewe, akaketi kwenye benchi letu, akavua ndala kupumzisha miguu.

"Mwanangu, karatasi zangu zimekwama wapi?"

"Mama, nilizituma Jumanne."

"Benki wanasema hawajaona kitu."

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta, nikamwonyesha tarehe, saa, anwani ya afisa na kiambatisho chenyewe. Akainama akatazama, kisha akasema, "Basi wewe umetuma na wao hawajapokea. Hapo katikati yupo nani?"

Siku hiyo sikuwa na jibu. Baadaye nililipata. Faili lile lilikuwa na MB 8.9, na benki ile ilikuwa imetuambia mwisho wao ni MB 10. Lakini barua pepe haibebi faili kama lilivyo. Huligeuza kwanza kuwa herufi, kila baiti 3 zikawa herufi 4, kwa hiyo faili la MB 8.9 hufika mlangoni likiwa karibu MB 12. Sava ya benki ililikataa, wala haikunirudishia ujumbe wa kusema limekataliwa. Kumbe MB 10 za benki kwangu mimi ni MB 7 na kidogo, na hakuna aliyewahi kutuambia hivyo.

Nikaligawa faili mara tatu na kutuma barua pepe tatu. Afisa akafungua mbili. Ya tatu, iliyokuwa na picha zote, ikaingia kwenye jalada la mteja mwingine, na ripoti ikarudishwa kwa sababu "haina picha". Nikalibana faili likawa MB 4 lipite kwa mara moja. Likarudi: muhuri hausomeki. Wakaomba Word. Nikatuma Word, na kwenye kompyuta yao isiyo na fonti yetu kurasa zikasogea. Mstari wa thamani ya mauzo ya lazima, yaani bei ya mali ikibidi kuuzwa kwa haraka, ukahamia ukurasa wa pili, chini ya kichwa cha kibanda cha mashine, kana kwamba ile ndiyo thamani ya kibanda peke yake. Mwishowe nikachapa kila kitu, nikafunga bahasha na kuipeleka kwenye basi. Ilikuwa siku ya 17 tangu Jumanne ile. Mkopo ukatoka, lakini mashine ilikuwa imeshauzwa kwa mtu wa Koboko. Mama hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba riba imeanza kuhesabiwa.

Waheshimiwa, naomba mtazame kwa nini ripoti ya kurasa 34 inakuwa nzito namna hiyo, maana chanzo cha matatizo yote kipo hapo. Ripoti ikitoka moja kwa moja kwenye programu ya kuandikia na kuwa PDF, picha zikiwa zimepunguzwa kwa kiasi, haizidi MB 3. Herufi zinakuwa safi, na ukitafuta neno unalipata. Lakini benki zinataka sahihi ya kalamu na muhuri kwenye kila ukurasa, hata kwa faili la kutumwa kwa intaneti. Basi naichapa yote, mthamini anaweka sahihi mara 34, tunapiga muhuri mara 34, halafu naanza kulaza karatasi moja moja kwenye skana. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7, na kwa rangi hizo ni kama MB 26 kabla ya kubanwa. Skana inazibana yenyewe, lakini kilichobaki si maandishi tena, ni picha ya maandishi. Afisa wa benki hawezi kunakili tarakimu hata moja. Inambidi aziandike upya kwa mkono, na ili kuikwepa kazi hiyo ndipo anapoomba Word. Dai la muhuri ndilo linalozaa dai la Word, na Word ni faili ambalo yeyote aliyelipokea anaweza kubadilisha thamani ndani yake bila kuacha alama ambayo mtu wa kawaida ataiona.

Kuhusu kubana, naomba mniwie radhi nikikaa hapo kidogo, kwa kuwa ndilo jambo linaloninyima usingizi. Mwaka juzi tulituma ripoti ya kiwanja cha hekta 0.063. Faili lilikuwa limebanwa sana. Katika nakala ya hati iliyokuwa kiambatisho, ile 3 ilijaa wino mdomoni ikasomeka 8. Afisa akapiga simu: hati inasema 0.083, ripoti yenu inasema 0.063, sehemu ya ardhi mmeipeleka wapi? Tofauti ni hekta 0.02, ambayo kwa hesabu ya viwanja tunayoijua hapa, desimali 100 kwa ekari, ni karibu desimali 5. Mjini Arua hapo panakaa duka. Mthamini wetu ni mtu mzima, jina lake liko kwenye rejista ya wapima, na jina hilo ndilo mtaji wake wote. Nilimwona akiishusha simu mezani taratibu na kukaa kimya. Ilitubidi tupeleke hati halisi tawini, mwenye mali akiwa nasi, ili tuaminiwe.

Hata hivyo, ukungu una heri, maana unamfanya msomaji atie shaka. Kuna kubana kubaya kuliko huko. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba mashine fulani za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Aliligundua kwenye ramani ya nyumba: vyumba vitatu vya ukubwa tofauti, na vyote vitatu vikatoka vimeandikwa mita za mraba 14.13. Njia ya kubana iliyokuwa ikitumika inahifadhi picha ya tarakimu moja na kuirudia popote inapoona nyingine inayofanana nayo. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu. Lakini fikirini, tarakimu zile zilikuwa safi kabisa, hazina ukungu hata kidogo, na hazikuwa zenyewe. Kazi ya uthamini ni vipimo na fedha tu. Tukiulazimisha kila ukurasa upite kwenye skana kisha kwenye kubana, tunazipitisha tarakimu zetu kwenye mlango tusioujua.

Excel nayo ina yake. Kompyuta nyingi zinazouzwa hapa zimetoka ng'ambo ya mpaka zikiwa na mpangilio wa Kifaransa, ambao kwao koma ndiyo alama ya sehemu ya kumi. Ukiandika 0.063 kwenye jedwali, kompyuta hiyo inaiona kuwa maneno, na hesabu haifanyiki.

Sheria zetu wenyewe zimekwisha kufika mbali kuliko ofisi zetu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Sahihi za Kielektroniki zote ni za mwaka 2011. Zinatambua kwamba waraka haukosi nguvu kwa sababu tu uko kwenye kompyuta, na kwamba sahihi inaweza kuwekwa kwa njia ya kielektroniki. Miaka yote hii imepita, na bado napiga muhuri mara 34. Kanuni za Rehani za mwaka 2012 zinataka benki, kabla ya kuuza mali iliyowekwa rehani, iwe na uthamini usiozidi miezi 6 wenye thamani ya soko na thamani ya mauzo ya lazima, na zinataka ripoti iwe na picha za sasa za mali hiyo. Picha ni agizo la kanuni. Halafu benki inaweka kikomo kinachonilazimisha kuzipunguza mpaka ufa ukutani hauonekani, na vigae alivyoviweka mwenye nyumba mwaka jana vinafanana na saruji tupu. Mtu ambaye nyumba yake inaelekea mnadani ana haki ya kuonekana alichokijenga.

Najua hofu ya benki. Ripoti za kughushi zipo, hati za kughushi zipo, na afisa anayepitisha mkopo kwa karatasi ya uongo anapoteza kazi. Hofu hiyo ni ya haki, nami naiheshimu. Lakini muhuri ulioskaniwa haumzuii mwizi. Anaukata kwenye ripoti moja na kuubandika kwenye nyingine, kazi ya dakika chache kwa yeyote anayejua kutumia kompyuta. Sahihi ya kidijitali inafungamanishwa na faili lote: herufi moja ikiguswa baada ya sahihi kuwekwa, programu inayolisoma inaonyesha kwamba limeguswa. Benki inayoogopa kughushiwa ingekuwa ya kwanza kuitaka.

Kuna na neno la siri. Benki moja inataka faili lifungwe kwa neno la siri, na mfumo wa nyingine unalikataa faili lolote lenye neno la siri. Afisa akichoka husema, "Nitumie tu kwa WhatsApp." Picha zikitumwa huko kama picha zinabanwa tena, lakini kinachoniumiza zaidi ni kwamba ripoti ina jina la mwenye nyumba, namba ya kitambulisho chake, picha za milango na madirisha yake, na ramani ya kufika kwake. Vyote hivyo vinabaki kwenye simu binafsi ya mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019. Mimi nimeshakataa mara kadhaa kutuma kwa njia hiyo, na kila nilipokataa ni mteja aliyechelewa.

Ninachoomba, basi, ni mkae meza moja mtoe agizo moja. Ripoti iwe PDF/A, ile aina ya PDF iliyowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya nyaraka za kuhifadhiwa muda mrefu. Faili la namna hiyo linabeba fonti zake ndani, halitegemei kitu chochote cha nje, na litafunguka vilevile Arua, Kampala na mahakamani miaka 10 baadaye. Haliruhusu neno la siri, kwa hiyo ulinzi uhamie kwenye njia ya kulituma: kila benki iwe na ukurasa salama wa kupokelea, wenye kufuli lake, au benki zote ziwe na lango moja. Faili litoke moja kwa moja kwenye programu ya kuandikia. Vya kuskaniwa vibaki vile visivyo na njia nyingine, kama nakala ya hati na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, iliyoandikwa kwa mkono, na hivyo viskaniwe kwa nukta 300 bila ile njia ya kubana inayobadilishana tarakimu. Sahihi iwe ya kidijitali, moja, kwenye ripoti nzima. Kikomo cha ukubwa kitajwe kwa ukubwa wa faili lenyewe kabla halijawekwa kwenye barua pepe, na kiwe kinachotosha picha, hata MB 20. Na tafadhali, lango lijibu. Likipokea liseme limepokea, likikataa liseme limekataa na kwa nini. Hili la mwisho lingefanyika wiki ijayo bila kungoja sheria wala kamati, na peke yake lingemwokolea yule mama siku za kwanza zilizopotea.

Pamoja na ripoti kuwe na karatasi moja ndogo ya data: namba ya kiwanja, eneo, aina ya umiliki, thamani mbili, tarehe ya ukaguzi. Iwe na mpangilio unaojulikana, alama ya nukta na koma ikiwa imetajwa waziwazi, ili mfumo wa benki uisome wenyewe na asiwepo mtu wa kuandika tarakimu upya. Hili si jambo la ndotoni. Marekani, yale mashirika mawili makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba, Fannie Mae na Freddie Mac, yaliweka mwaka 2011 mpangilio mmoja wa data za uthamini. Wakopeshaji wanaoyauzia mikopo wanapitisha ripoti kwenye lango la pamoja, zikiwa data zinazosomeka na mashine pamoja na PDF yake. Soko lao ni kubwa kuliko letu mara nyingi sana, na wao wenyewe ni washindani, lakini waliketi wakakubaliana. Sisi benki zetu ni chache, zinakutana kwenye chama kimoja, na zote zinasimamiwa na Benki Kuu hiyo hiyo.

Kwa Bodi ya Usajili wa Wapima nina ombi la pembeni. Ofisi kama yetu ina kompyuta mbili na skana moja. Vyeti vya sahihi ya kidijitali vikiachwa kila mthamini ajitafutie, wakubwa wa Kampala watavipata na sisi wa mikoani tutabaki na mihuri. Vitafuteni kwa pamoja, vitolewe pamoja na leseni ya mwaka, ili sahihi ya mtu ife siku leseni yake inapokwisha. Mkumbuke pia kwamba kila faili linalorudishwa tunalituma upya kwa bando tunalolinunua, na tangu mwaka 2021 kwenye bando hilo kuna ushuru wa asilimia 12.

Karatasi nayo ina safari yake. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari ya kwenda Kampala yalizunguka njia ndefu, na bahasha zetu zikazunguka nayo. Kulikuwa na wiki ambazo sikuthubutu kumtajia mteja siku ya kufika.

Usiku huu ninavyomaliza barua hii, bahasha ya kurasa 41 iko kaunta ya basi la Kampala, nimeilipia kama abiria mdogo, na kijana wa bodaboda ataichukua asubuhi kituoni aipeleke benki. Faili la ripoti hiyo hiyo, MB 2.6, herufi safi na picha zote 16 ndani, liko kwenye flashi mezani pangu tangu jana mchana. Mkitaka kulijaribu kwenye mifumo yenu, nitaliondolea jina la mwenye nyumba na namba za hati yake, na nitalileta popote mtakaponielekeza.

Wenu katika kazi,

Karani wa ripoti, ofisi ya uthamini,
Arua